Nani Anamfundisha Nani? Historia Fupi ya Wanafunzi Kufundishana

Tunapoijadili elimu ya juu nchini mwetu, huwa tunahesabu majengo, maprofesa, machapisho na wahitimu. Ni mara chache tunahesabu kitu ambacho bila hicho vyuo vikuu vyetu vingeshindwa kumaliza hata muhula mmoja: saa ambazo wanafunzi wanazitumia kufundishana wao kwa wao. Vijana wanaokaa chini ya miembe jioni wakibishana juu ya swali la mtihani wa mwaka uliopita, au wanaobaki darasani usiku mmoja wao akiwa ameshika chaki, hawamo katika ripoti yoyote ya mwaka. Hawana kasma katika bajeti. Lakini wapo, na kazi wanayoifanya ni kazi ya chuo kikuu.

Kwa miaka kadhaa, sambamba na kufundisha somo langu, nilikuwa mshauri wa wanafunzi katika stadi za kusoma na ujifunzaji wa wanarika. Cheo hicho ni kirefu kuliko kazi yenyewe. Nilikuwa nikiwasaidia wanafunzi kujua namna ya kusikiliza mhadhara, kusoma makala ngumu, kupanga muda na, zaidi ya yote, kuunda vikundi vya kusoma na kuviendesha visife baada ya wiki mbili. Kazi hiyo ilinilazimisha kuuliza swali la kihistoria: desturi hii ya mwanafunzi kumfundisha mwenzake imetoka wapi, na imewahi kumtumikia nani?

Jibu nililolipata ni kwamba desturi hii ina koo mbili. Ukoo wa kwanza ulizaliwa na ubahili: mwanafunzi amfundishe mwenzake kwa sababu mwalimu ni ghali. Ukoo wa pili ulizaliwa na imani kwamba mtu hajakijua kitu mpaka aweze kumweleza mwingine akaelewa, na kwamba hakuna aliyeumbwa awe msikilizaji tu. Kwa nje koo hizi hufanana kama mapacha. Matunda yake hayafanani hata kidogo.

Chuo kabla ya chuo kikuu

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kale, chuo ni kitabu. Kisha neno likahamia mahali ambapo kitabu kinasomwa, yaani chuo cha Kurani, na ndipo likapatikana neno mwanachuoni. Yeyote aliyepitia chuo cha pwani anaujua utaratibu wake: mwalimu ni mmoja, watoto ni wengi, na aliyetangulia humshika mkono anayefuata. Aliyekwisha kuzijua sura ndogo humsikiliza anayehangaika na alifu na be. Wakubwa walikaa katika darsa kumzunguka shekhe, kama ilivyokuwa katika Msikiti wa Riyadha kule Lamu, uliojengwa na Habib Saleh karne ya 19 ikiishia, na elimu ikazunguka pamoja na duara hilo.

Desturi hii ilikuwa na mizizi mirefu. Katika madrasa za Misri na Shamu za zama za kati palikuwa na cheo cha muidi, yaani mrejeaji. Mudarisi alipomaliza somo, muidi alibaki na wanafunzi akalirejea, akafafanua palipokuwa pagumu na kuwasaidia waliochelewa kushika. Jambo la kuzingatia ni kwamba muidi alitambuliwa na alilipwa. Hati za wakfu zilitaja nafasi yake na posho yake kama zilivyotaja ya mudarisi. Waliozianzisha madrasa hizo walielewa jambo ambalo sisi tumelisahau: kurejea somo ni sehemu ya kufundisha, wala si hisani ya mtu mwenye moyo mwema.

Mchanga wa Madras

Ukoo wa ubahili nao una tarehe zake. Mwaka 1789 kasisi Mskochi, Andrew Bell, alikabidhiwa usimamizi wa shule ya mayatima wa kiume wa askari huko Madras, India. Walimu walikuwa wachache. Bell aliwahi kuona watoto wa Kihindi wakiandika herufi mchangani kwa vidole huku wakifunzana. Aliichukua mbinu hiyo, akawaweka wavulana wakubwa wawafundishe wadogo, na mwaka 1797 akachapisha maelezo ya jaribio lake huko Uingereza. Mwaka uliofuata Joseph Lancaster, kijana aliyekuja kuwa Mkweka, alifungua shule ya watoto maskini kusini mwa London kwa mpango uliofanana na huo: mwalimu mmoja, mamia ya watoto, na kati yao safu za viranja waliopokea somo asubuhi na kulipitisha kwa wenzao mchana.

Mpango huo ulienea upesi, ukavuka bahari hadi Amerika na makoloni ya Waingereza. Sababu kubwa ya kupendwa kwake ilikuwa hesabu ya fedha. Zama hizo zilikuwa za viwanda, na shule ya Lancaster iliendeshwa kama kiwanda: amri kutoka juu, safu zilizonyooka, kila mtoto na kituo chake. Kiranja hakuruhusiwa kuuliza wala kufikiri. Alipitisha alichopewa. Ikiwa mtoto wa chini yake aliuliza "kwa nini?", kiranja hakuwa na jibu, kwa kuwa naye hakuwahi kuambiwa. Kufikia mwaka 1846 serikali ya Uingereza ilikuwa imeanza mpango mwingine wa kuwaandaa vijana kuwa walimu kwa mafunzo ya miaka kadhaa na kwa malipo. Viranja walikuwa wamethibitisha kwamba maneno yanaweza kupitishwa kutoka kinywa hadi kinywa bila ya maarifa kusogea hatua moja.

Tunaye kiranja wa Lancaster hata leo, ila hana sura. Anaitwa desa. Wasiopitia vyuo vyetu niwaeleze: desa ni maandishi ya majibu au muhtasari yanayorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka, yananakiliwa, yanapigwa picha kwa simu, yanamezwa na kutapikwa mtihanini. Watu wengi huona kudesa na kusoma kwa vikundi kuwa kitu kimoja, kwa sababu vyote viwili ni wanafunzi kupeana. Mimi nasema ni vitu vinavyopingana. Katika desa hakuna wa kuulizwa "kwa nini?". Katika kikundi cha kweli, swali hilo ndilo linalowakutanisha watu.

Jumapili za Mlimani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15. Kwa idadi hiyo, chuo chote kilikuwa kikundi kimoja cha kusoma. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, kikakua, na pamoja na kukua kikaanza kujenga umbali: ukumbi mkubwa, mhadhiri jukwaani, mwanafunzi na daftari lake. Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu iliyomfunza kijana kujitanguliza badala ya kushirikiana na wenzake.

Mwisho wa mwaka huohuo wanafunzi wenyewe walitoa jibu lao. Waliunda umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza, USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, wakati huo mwanafunzi kutoka Uganda. Siku za Jumapili walifanya madarasa yao ya itikadi. Hakuna aliyewapa alama, na hakuna cheti kilichotolewa. Walisoma Fanon, Lenin na Nkrumah, wakabishana, wakasahihishana. Walimu waliokuja, akiwemo Walter Rodney wa idara ya historia, walikuja kama washiriki wa mjadala.

Novemba 1969 kikundi hicho kilizaa jarida, Cheche. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, aliyekuwa akisoma hisabati, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 jarida hilo lilichapisha uchambuzi wa Issa Shivji, kijana wa sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania. Andiko la kijana huyo lilijadiliwa na wasomi wenye umri wa baba yake, na linasomwa hadi leo. Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku Cheche na USARF pamoja. Jarida lilikuwa limeishi mwaka mmoja tu.

Mtu anaweza kukataa kila msimamo wa kisiasa wa vijana wale, na wako wenye sababu nzuri za kukataa. Hoja yangu ni juu ya namna walivyojifunza. Mwanafunzi wa hisabati alilazimika kueleweka kwa mwanafunzi wa sheria. Kila mmoja alifika amesoma, kwa kuwa asiyesoma aliumbuka mbele ya wenzake, na fedheha hiyo ina nguvu kuliko mahudhurio yanayosainiwa. Na swali walilokuwa wakilijibu walikuwa wamelichagua wenyewe. Maendeleo ya nchi hii yanamnufaisha nani? Hakuna mhadhiri aliyewatungia swali hilo. Hiyo ndiyo tofauti ya msingi kati ya koo zetu mbili. Katika ukoo wa Lancaster, mwanafunzi hupitisha majibu ya mwingine. Katika ukoo wa Jumapili, mwanafunzi ana haki ya kuuliza.

Mgonjwa ni nani: mwanafunzi au somo?

Miaka hiyohiyo, ng'ambo ya Atlantiki, vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vimeanza kupokea wanafunzi ambao zamani visingewapokea, na wengi wao walianguka. Lugha iliyotumika ilikuwa ya hospitali: wanafunzi dhaifu, walio hatarini, wanaohitaji tiba. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri huko Kansas City, Deanna Martin aligeuza lugha hiyo. Aliacha kuuliza ni mwanafunzi gani yuko hatarini, akauliza ni somo gani ni la hatari. Yakatafutwa masomo ambayo watu wengi huanguka. Kwa kila somo akachaguliwa mwanafunzi aliyelifaulu vizuri mwaka wa nyuma, akahudhuria mihadhara upya pamoja na wenzake, kisha akaendesha vipindi vya marejeo vilivyo wazi kwa wote. Hakutakiwa kufundisha. Alitakiwa kuuliza, kusikiliza na kulirudisha swali kwa kikundi. Na alilipwa. Muidi alikuwa amefufuka, bila shaka pasipo waliomfufua kumjua.

Huko Berkeley, California, mwanahisabati Uri Treisman alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wengi, waliokuja na alama nzuri kutoka sekondari, walianguka katika hisabati ya mwaka wa kwanza, ilhali wenzao wenye asili ya China walifanya vizuri. Wahadhiri walikuwa na majibu tayari: hawana ari, hawakuandaliwa, familia zao hazijali elimu. Treisman aliwafuata wanafunzi hao mahali wanaposoma, akakuta majibu yote hayo hayana mashiko. Wanafunzi wenye asili ya China walisoma peke yao, kisha wakakutana, wakala pamoja, wakalinganisha kazi zao na kukosoana. Wale Weusi walikuwa na bidii, lakini karibu wote walisoma peke yao mwanzo hadi mwisho. Walipokosea hawakuwa na wa kuwaonyesha kwamba kosa hilo si lao pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianzisha warsha zao, na hakuwapa mazoezi mepesi ya wagonjwa. Aliwapa maswali magumu kuliko ya darasani, wayatatue pamoja. Wakafaulu.

Nililiona jambo hilihili kwa macho yangu. Katika chuo kimoja nilichokifanyia kazi nilikuta utaratibu wa kubandika ubaoni majina ya waliopata sapu, yaani waliotakiwa kurudia mtihani, pamoja na tangazo kwamba wafike ofisi ya ushauri. Karibu hakuna aliyefika. Nani apite mlango ambao kuupita kwake ni kutangaza kuwa yuko karibu kudisko? Karatasi ile ilipoondolewa na tangazo likasema kwamba vikundi vya takwimu ni vya wote wanaosoma takwimu, walikuja wa alama za juu na wa alama za chini, na haikupita mwezi tukashindwa kujua nani ni nani kwa kuwatazama tu. "Mwalimu," binti mmoja wa mwaka wa pili aliniambia, "hapa naweza kusema sijaelewa na dunia isisimame." Sijapata kusikia maelezo bora ya kazi yangu.

Lugha ya chini ya mwembe

Lipo jambo jingine ambalo Kansas City na Berkeley hazikutufundisha, kwa sababu ni letu. Kwenye ukumbi wa mihadhara lugha ni Kiingereza. Kwenye kikundi lugha ni Kiswahili. Niliwahi kukaa nyuma ya vikundi vingi, na utaratibu ulikuwa uleule: istilahi inabaki ya Kiingereza, maelezo yanaingia kwa Kiswahili, na pale mtu anapoelewa, anaelewa kwa Kiswahili. Kisha kikundi kinageuka kufanya kazi ya pili, ya kulirudisha jibu katika Kiingereza cha mtihani. Kwa maneno mengine, wanafunzi wetu wanabeba kila jioni, bila malipo, mzigo wa sera ya lugha ambao taifa limeukwepa.

Historia ya ukwepaji huo inajulikana. Tume ya Rais ya elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike vyuo vikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mapendekezo hayo hayakutekelezwa. Hata vijana wa Jumapili hawakulimaliza jambo hili: Cheche lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini lilichapishwa kwa Kiingereza. Waliotekeleza kwa vitendo ni vikundi vya usiku visivyo na jina, ambavyo vimekuwa vikifundisha uchumi, sheria, uhandisi na tiba kwa Kiswahili. Atakayeandika historia ya Kiswahili katika elimu ya juu akaishia kwenye nyaraka za serikali atakuwa ameiacha nusu yake nje, chini ya mwembe.

Hatari iliyo mbele yetu

Kwa nini nayaandika haya sasa? Kwa sababu kufundishana kumeanza kupendwa na watu wa hesabu. Idadi ya wanafunzi imeongezeka kwa kasi ambayo ajira za wahadhiri hazikuifuata. Semina ya watu 15 imekuwa ya watu 60, na pengine imekufa kabisa. Nimekaa katika kikao ambamo ilipendekezwa kwamba semina zifutwe na nafasi yake ichukuliwe na "vikundi vya wanarika", vikiongozwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa kujitolea. Aliyependekeza alinigeukia akitarajia nifurahi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuwa nikiipigania. Nilipinga. Lugha ya pendekezo ilikuwa ya Treisman, lakini hesabu yake ilikuwa ya Lancaster. Pendekezo lile liliahirishwa. Halikufa, na nina hakika kwamba litarudi, hapo au kwingineko.

Likirudi, tuwe na maswali ya kuliuliza. Je, kikundi kinaongezwa juu ya mwalimu au kinawekwa mahali pake? Vikundi nilivyoona vikistawi vilikuwa na mhadhiri aliyejulikana, aliyepatikana na aliyekubali kuulizwa swali lililowashinda. Kikundi kisicho na mwalimu nyuma yake huishia kwenye desa, kwa sababu kosa lisilo na wa kulisahihisha hugeuka kuwa mapokeo.

Je, kiongozi wa kikundi analipwa? Kujitolea ni neno tamu, lakini anayeweza kujitolea saa sita kwa wiki ni yule ambaye nyumbani wanamtumia fedha. Anayeishi kwa bumu la mkopo, na bumu lenyewe limechelewa, atazitumia saa hizo kutafuta chakula. Kazi isiyolipwa huchagua watoto wa wenye nacho, kisha tunashangaa kwamba viongozi wote wa vikundi wametoka shule za aina moja.

Na je, kikundi kinakutana wapi, saa ngapi? Zama za mabweni ya kutosha, jioni ilikuwa mali ya wote. Leo wengi wanapanga vyumba mitaani, wanapoita mageto, na binti anayekaa vituo vitano vya daladala kutoka chuoni hawezi kubaki kwenye mjadala hadi saa nne usiku. Yeye ndiye mwanafunzi Mweusi wa Berkeley katika mazingira yetu: ana bidii, ana akili, na anasoma peke yake. Darasa moja lililoachwa wazi mchana, lenye ubao na taa, lingemfaa kuliko semina kumi za kumhamasisha.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mtaalamu kutoka nje au mradi wa mabilioni. Wafadhili wa madrasa za Misri waliandika jina la cheo na posho yake katika hati ya wakfu, wakaona kazi imekwisha. Nasi tunaweza kuandika katika bajeti zetu mstari mmoja tu: mrejeaji wa somo, posho yake, na chumba chake. Hadi mstari huo utakapoandikwa, kila chuo kitakachojisifu kwa ufaulu wa wanafunzi wake kitakuwa kinajisifu kwa kazi ambayo hakikuifanya. Walioifanya wanajulikana. Wapo hapo nje sasa hivi, chaki mkononi, na mmoja wao ndiyo kwanza ameuliza, "Jamani, hapa tumekwama wapi?"